Miwani Iliyomsikia Amandu

Oli, Arua
3 Februari 2025

Shangazi yangu Kulusum,

Assalamu alaikum. Sisi hapa ni wazima, ila mtoto amepata mafua ya vumbi la kiangazi, na Shakirah ananiambia yeye ndiye mke pekee Arua aliyeolewa na daktari na bado mtoto wake hatibiwi. Anakusalimu sana. Anauliza gurusa zako, ile mikate, unazifanyaje, maana zake zinagoma kuumuka. Najua umeapa hutashika simu, kwamba simu ya Koboko husikilizwa na watu kumi kabla ya mwenyewe, kwa hiyo naendelea kumtuma Swadiki na teksi yake. Akifika mpe chai.

Umeuliza habari ya ile miwani, ulivyosikia sokoni kwamba siku hizi navaa kama fundi wa kuchomelea vyuma. Ni kompyuta, Shangazi. Kompyuta nzima imewekwa ndani ya fremu, na juu ya jicho la kulia kuna kioo kidogo kama ukucha. Naona mapigo ya moyo wa mgonjwa bila kugeuza shingo. Bingwa wa upasuaji aliye Kampala anaona ninachokiona mimi, ananisemesha sikioni: bana hapa, kata pale. Mwezi uliopita kizazi cha mama mmoja wa Ayivu kilipasuka mikononi mwangu, na bila ile sauti tungemzika. Kwa hiyo usicheke. Lakini ina wazimu wake pia. Nikivaa barakoa inaingia ukungu. Ikiwaka muda mrefu inaniunguza sikio. Glovu zikiwa na damu siwezi kuigusa, lazima niiamrishe kwa mdomo, nayo inaelewa Kiingereza cha puani tu. Nikisema Kiingereza changu inaninyamazia kama mkwe. Wagonjwa wanadhani nasema na majini.

Sasa jambo lenyewe. Ijumaa jioni waliniletea Amandu, mwenyekiti wa steji ya boda, kijiwe cha pikipiki, hapo kwenu. Alikatwa panga kwa nyuma. La kwanza liliingia kati ya bega na shingo, la pili mgongoni, la tatu lilichukua vidole alivyoinua kujikinga. Alikuja juu ya pikapu ya mihogo na magunia yote yalikuwa yamelowa. Nilikuwa nimezamisha vidole shingoni mwake nikibana mshipa, hajapewa hata dawa ya usingizi, umeme ulipokatika. Kampala ikazimika sikioni. Nesi Agnes Keji akakimbilia jenereta. Nikabaki mimi na Amandu na kitaa kidogo cha ile miwani, na wallahi nilifanya kazi kwa mwanga ule, na nilikaribia kuushinda mshipa ule. Alikufa macho wazi, akisema.

Ndugu zake walikuwa wamechungulia dirishani wakaona taa nyekundu kwenye paji langu. "Hii mutu iko nakunywa damu na macho!" Waling'oa chuma cha kutundikia dripu wakanipiga nacho. Nimeshonwa juu ya jicho. Mlinzi wetu Ezati wamemvunja mbavu kwa kumkanyaga, na bado anatema damu.

Miwani haikuvunjika. Ilikuwa inawaka muda wote, na kila linalofanyika chumba kile inalichukua, picha na sauti.

Hamdani mwanao hajambo? Ijumaa alikuwa wapi?

Mwanao,
Yasiri


Koboko
12 Februari 2025

Mwanangu Yasiri, Dakitari wa macho matatu,

Waalaikum salaam. Swadiki alikunywa chai na akala gurusa bila haya, asije akakudanganya kwamba nilimnyima. Mwambie Shakirah aache unga ulale, asifunue sufuria kila mara kama askari anakagua mizigo mpakani. Mtoto mpake mafuta ya simsim. Goti langu iko vile vile, na ile dawa uliyoleta ni ya kuwapa kuku.

Pole kwa jicho. Niliposoma nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Mtu anawasaidia, wao wanampiga na chuma! Ningekuwa pale ningemng'ata mtu.

Huku hakukulalika. Wewe ulikuwa mdogo, labda hukuona ile mambo ya zamani: aliyeuawa akibebwa, jeneza lenyewe linawavuta wabebaji mpaka kwa aliyemuua. Wazee walikuwa wameiacha. Vijana wa steji wameifufua. Mchungaji alisimama mbele ya jeneza la Amandu akiomba waende kaburini, wakamsukuma akaanguka na Biblia yake. Wakabeba. Likaanza kuyumba, mara huku, mara huko, wanawake wanapiga yowe, halafu likakimbia! Likapita soko, likapita msikiti, mimi nimesimama kwenye kibanda changu na nyanya mkononi, likaenda mpaka kwa Kenyi, yule kijana aliyegombana na Amandu stejini Alhamisi mbele ya watu wote. Likagonga mlango wake kama kondoo dume mpaka mlango ukapasuka.

Hamdani alishika mbele. Ni haki yake, walikuwa steji moja.

Kenyi aliruka kwa nyuma akakimbilia porini, upande wa Kongo. Mke wake Night Poni hakuweza kukimbia, na lile tumbo. Walimburuta kwa nywele. Walimpiga na cheni ya baiskeli, mkono nikasikia ukivunjika, Yasiri, nilisikia kutoka barabarani. Nyumba wakachoma na mbuzi wakiwa ndani. Mbuzi anaungua akilia kama mtu. Mpaka leo nguo zangu zinanuka.

Ndipo wakaenda kumzika Amandu wakiimba.

Hamdani hajambo. Anakula vizuri. Hiyo miwani ivue, mwanangu, itupe kwenye choo. Mutu akifa aachwe aende na maneno yake.

Shangazi yako,
Kulusum


Oli, Arua
20 Februari 2025

Shangazi,

Assalamu alaikum. Mafua ya mtoto yamekwisha kwa simsim yako, na sasa Shakirah ananiita daktari wa bure. Gurusa zimeumuka. Tumekula tukikutaja.

Night Poni yuko wodini kwangu. Mfupa wa mkono ulikuwa umetokeza nje, na mtoto tumboni hakuwa hai tena; nilimtoa mwenyewe. Alikuwa wa kiume. Nilivaa miwani kwa sababu damu ilikataa kusimama na nilihitaji ile sauti ya Kampala, nayo ikasaidia, yule mama atapona. Alipozinduka akaitazama kwenye mfuko wa koti langu. Akaniuliza, "Hii ndiyo iliona Amandu akikufa?" Nikasema ndiyo. "Basi uliza hiyo. Kenyi siku ile alikuwa na mimi shambani Lobule, tunavuna mihogo. Uliza hiyo, Dakitari."

Sikuwa na haja ya kuuliza. Nilikuwa nimeinamia mdomo wa Amandu. Lakini niliwasha nikasikiliza tena, nikitumaini nilisikia vibaya. Anasema hivi, na pumzi zake zinakoroma katikati: "Iko Hamdani. Hamdani ya Mama Kulusum. Alikuja kwa nyuma."

Sasa nimeandika.

Najua Amandu alimtoa Hamdani stejini mwezi wa kwanza, kwa sababu ya kupiga abiria. Nawe ulijua, hukuniambia. Nilikuuliza alikuwa wapi Ijumaa, ukanijibu anakula vizuri. Mwanao amemkata mtu kwa nyuma, kisha akabeba jeneza lake mabegani na kulisukuma kwenye mlango wa mwingine!

Unakumbuka waasi walipoingia, tukalala kwenye mtama, mimi mdogo nataka kulia, ukaniziba mdomo kwa kiganja mpaka nikaona giza? Walipita wakimburuta jirani yetu, na mimi ni mzima leo kwa kiganja kile. Tangu ile Ijumaa nakisikia mdomoni.

Sikiliza basi. Mashine haiweki picha milele. Mwisho wa Machi inafuta yenyewe yote ya nyuma, isipokuwa daktari aliyeivaa aiamrishe iweke. Sijaamrisha. Nataka Hamdani asikie kwa mama yake kabla ya kusikia kwa askari. Mchukue kwa mkono wako umpeleke polisi, mimi nitakuja nisimame nanyi. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Night Poni nimemwambia avumilie, kwamba ukweli upo ndani ya hii miwani na hautapotea.

Nijibu upesi.

Yasiri


Oli, Arua
14 Machi 2025

Shangazi,

Ramadhani njema. Swadiki amerudi mikono mitupu tena. Anasema ulimwambia unaumwa, mara nyingine alikuta mlango umefungwa na moshi wa futari unatoka. Shakirah anauliza kama umekasirika naye.

Night Poni ametoka hospitali, amekwenda kwa dada yake hapa Ayivu. Kila akija kubadilisha bandeji ananiuliza, "Miwani imesema?" Ninamjibu bado.

Mwezi unakwisha. Niandikie hata neno moja.

Yasiri


Koboko
28 Machi 2025

Mwanangu Yasiri,

Salaam. Saumu imekwenda vizuri. Idi inakuja. Nimepata kitambaa cha mtoto, cha kijani, nitatuma na Swadiki.

Usione mwandiko mbaya. Vidole viliumizwa na mlango, na jino moja limetoka, ni uzee. Siwezi kuandika mengi.

Hamdani anakusalimu. Amesimama hapa karibu, anaangalia ninavyoandika. Alisoma barua yako. Anasema wewe ni ndugu yake, mmelala godoro moja, mmekula sahani moja. Anasema uache mashine ifute yenyewe, hakuna mutu atakulaumu. Na mimi nasema hivyo hivyo. Damu ni nzito kuliko maji.

Usije Koboko kwa Idi. Barabara si nzuri.

Shangazi yako


Oli, Arua
3 Aprili 2025

Shangazi,

Idi ilipita. Shakirah alipika pilau, mimi sikuonja. Kitambaa cha mtoto tumekipata na kinamkaa vizuri.

Imefuta. Siku ile ya mwisho nilikaa na miwani usoni katika chumba cha madaktari, mlango nimeufunga. Kwenye kile kioo kukawa na neno linauliza, weka au acha. Sikusema weka. Sikusema acha pia. Nilikaa kimya mpaka neno likapotea lenyewe, na nilishusha pumzi, Shangazi, Mungu anisamehe, nikahisi kama kiatu cha kubana kimevuliwa mguuni.

Waliotuletea hii mitambo wamekuja wiki hii kutoka Kampala kuuliza inatufaa au haitufai. Nikawaambia inafaa, ila ukungu upunguzwe na betri iongezwe. Sikuwaambia lile kubwa, kwamba tangu nivae kitu kinachosikia na kukumbuka kwa niaba yangu nimejifunza kusema moyoni, mimi si shahidi, shahidi ni mashine. Amandu hakuisemesha mashine. Alinikamata kola kwa mkono uliobaki na vidole viwili akanisemesha mimi.

Na vidole vyako. Mlango haung'oi jino, Shangazi. Mimi ni daktari. Mwambie Swadiki akulete, ukae kiti cha mbele. Acha nyanya, acha kila kitu, njoo.

Yasiri


Koboko
15 Aprili 2025

Yasiri,

Leo sina salamu. Hamdani hayupo karibu, kwa hiyo ninaandika haraka na kwa mkono wa kushoto.

Wamemuua Kenyi. Siku ya soko, mchana, jua la utosi. Alitoka Kongo akaja mwenyewe barabarani, amevaa shati safi, hakuficha uso. Night Poni alikuwa amemtumia maneno kwamba miwani ya dakitari imesikia kila kitu, kwamba wewe umesema ukweli hautapotea. Akaamini. Ndiyo maana alikuja anatembea kama mtu anakwenda kanisani.

Walimkamata mbele ya kibanda changu. Walianza na mawe. Jiwe la kwanza lilimvunja taya, na bado alikuwa anasema, mdomo umelegea: "Muulize dakitari! Muulize miwani!" Wakacheka. Mwingine akamkata kisigino asikimbie. Damu iliruka kwenye nyanya zangu, nikawa nazifuta kwa kanga, Yasiri, mtu anauawa na mimi nafuta nyanya! Hamdani alileta tairi. Hamdani wangu. Alimvisha shingoni akaminya mpaka likashika mabega, akamwaga petroli kutoka kwenye ile chupa wanayouzia boda. Kenyi alinitazama mimi. Alijua. Nilijiziba mdomo na kiganja changu mwenyewe.

Aliungua muda mrefu. Sikujua mtu anaungua muda mrefu hivyo.

Sasa nakuambia yale niliyokataa kusema. Ile Ijumaa alikuja nyumbani jua linazama, shati limekuwa jekundu mpaka kwenye mkanda. Akasema amechinja mbuzi wa mtu. Nikafua. Mimi! Nilifua kwa mikono yangu mpaka maji yakawa meupe, na panga nililikuta ndani ya debe nyuma ya choo. Barua yako alipoiona akanilaza mkono juu ya jiwe la kusagia akavunja vidole kwa mchi, kimoja kimoja, akisema hii ndiyo mikono inayoandika kwa Yasiri. Jino lilikuwa ngumi. Ile barua ya kabla ya Idi alisimama na panga lile lile akiniambia cha kuandika. Ila ile damu na maji, hayo yalikuwa yangu. Niliyaandika kwa sababu niliyataka. Nilimtaka mwanangu.

Toa hiyo video. Nilikuambia utupe, sasa nakuambia toa. Weka kwenye ukuta wa msikiti watu waone.

Kulusum


Oli, Arua
19 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Nilisoma barua yako. Shakirah aliichukua akaisoma, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Nikawaambia Kenyi, wakasema hawamjui.

Video haipo. Barua yangu ya tarehe tatu haikukufikia, au ilimfikia mwingine. Nilinyamaza mpaka ikafutika. Wewe ulimziba Kenyi mdomo kwa kiganja kimoja na mimi nilimziba kwa kingine. Sitafuti neno la kulainisha hilo.

Jana nilimfuata Night Poni Ayivu, nikamwambia mwenyewe. Hakulia. Alinyanyua mkono ule niliomshona akanipiga nao usoni, juu ya kovu la kile chuma, mpaka bandeji yake ikafunguka. Nikaifunga upya, akaniacha nifunge, kisha akanitemea mate. Nimeondoka nayo usoni.

Kutoka pale nilikwenda polisi nikasema yote, kola, pumzi, jina. Ofisa wa zamu aliandika kwa utulivu. Mwisho akaweka kalamu chini. "Dakitari, wewe umevaa kompyuta usoni, halafu unaniletea maneno ya mdomo?" Hakunidharau, alinionea huruma. Anasema neno langu peke yake, wakili atalitafuna kabla ya chai: nilikaa na siri tangu Januari, video nimeiacha ifutike, na mshtakiwa ni ndugu yangu. Panahitajika mwingine. Aliyeliona shati. Anayejua panga liko wapi.

Sikuweza kulitaja jina lako, Shangazi.

Sitakuambia ufanye nini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi hukunizaa, ulinilea tu. Swadiki anangoja nje ya kibanda chako mpaka umpe jibu. Nimemkataza kumpa mtu mwingine yeyote barua hii.

Yasiri


Koboko
2 Mei 2025

Mwanangu Yasiri,

Assalamu alaikum. Mkono huu unaoandika ni wa jirani yangu Rosa Kiden, maneno ni yangu, na nimemwambia asiyalainishe. Mbusu mtoto. Shakirah mwambie asipike gurusa mpaka nije, nitamwonyesha kwa macho.

Nilikwenda. Nililala kwanza siku kadhaa nimeikumbatia barua yako, sitaki kuongopa kwamba nilikimbia. Halafu asubuhi moja Hamdani alikuwa anakula uji, akaniambia, "Mama, leo uji umekuwa mtamu." Kwa ile sauti yake ya utotoni. Nikaona nikikaa hapa mpaka amalize bakuli sitakwenda tena. Nikatoka na panga limefungwa ndani ya kanga, nikaliweka juu ya meza ya polisi. Kijana akaniuliza, "Mama, iko na hakika?" Nikamwambia, mimi nilimzaa, na mimi nilifua.

Walimkamata stejini. Hapo ndipo maneno yalipotoka, na wale vijana wakaelewa nani aliwasukuma na jeneza mpaka kwa Kenyi. Uliona mbwa wanavyomgeukia mmoja wao? Watu wale wale, mikono ile ile! "Alitubebesha uongo! Ametuuzia damu ya bure!" Wakamnyang'anya kwa askari. Walimkata sikio. Walimpiga na tofali kichwani akaanguka kwa magoti, na tairi likaja, sijui linatoka wapi kila mara, hawakosi tairi.

Nilimlalia. Mimi na goti langu hili, nilipita katikati ya miguu yao nikamlalia juu, uso kwa uso. Walinipiga mateke, sikutoka. Mmoja akamwaga petroli juu ya mgongo wangu na mwingine akawasha, na mimi ninasikia kanga inashika, ninasikia nyama yangu, na Hamdani chini yangu anasema Mama, Mama. Askari akapiga risasi hewani ndipo wakatawanyika. Rosa alinimwagia mtungi wa maji ya kunywa.

Watu wanasema mama amemwokoa mwanawe. Ala! Sikumlalia kwa sababu hana kosa. Kenyi hakupata mtu wa kumlalia. Nilimlalia ili afike kortini na mdomo wake, aseme mwenyewe mbele ya Night Poni, asitoroke kwa kufa haraka.

Yuko hai, yuko ndani. Kesho gari la hospitali linanileta kwako. Mgongo wote umeisha, Rosa ananificha lakini nanusa.

Usinikabidhi kwa dakitari mwingine. Na vaa ile miwani yako ya wazimu. Nilisema uitupe kwenye choo, sasa nasema vaa. Kabla hujanichoma sindano ya usingizi, washa, nami nitasema yote nikitazama kile kitaa chekundu: shati, debe, mchi, jeneza, tairi. Kwa sababu najijua, Yasiri. Leo nasema kwa hasira na maumivu. Kesho nitapona kidogo, atanitumia salamu kutoka jela, atasema Mama uji ulikuwa mtamu, nami nitakwenda kwa hakimu nikaseme nilichanganyikiwa.

Kwa hiyo nikimaliza kusema, iambie iweke. Iambie kwa hicho Kiingereza cha puani mpaka ikubali. Na baadaye nikikushika mkono, nikilia, nikikuomba kwa maziwa na kwa ule mtama tuliolalia, kwamba ufute, usinisikie.

Shangazi yako,
Kulusum